Hata Eliya Alipewa Mkate na Usingizi



Mwaka jana nilikuwa nashtuka saa nane usiku, moyo unadunda kama ngoma, mikono inatetemeka. Nikakemea, nikafunga. Sikumwambia mtu; niliogopa kuambiwa imani yangu haba.

Mwisho nikaenda zahanati. Tabibu akapima moyo na damu, kisha akauliza: "Mama, unalala saa ngapi? Unakunywa nini?" Nikaona aibu. Kahawa vikombe vitano, vinywaji vya kuongeza nguvu kwenye mikesha, na madeni kichwani.

Jamani, Eliya alipomkimbia Yezebeli alilala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Ndipo akatembea siku 40.

Basi ukishtuka usiku, keti, vuta pumzi taratibu, itoe polepole zaidi. Kahawa iishie asubuhi. Mwambie mwenzako hofu yako, na ukapimwe. Lakini ukibanwa kifua, ukiishiwa pumzi au ukizimia, usingoje ibada iishe. Mkimbizeni hospitali, tutaomba njiani.

Amina?