Salfa Kwenye Mchanga: Udongo wa Mikorosho ya Kusini



Mkulima wa Mtwara hahitaji profesa amweleze ubwiriunga ni nini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Miaka kumi na kitu baadaye zao lilikuwa taabani. Watu walihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei ikawa duni, kisha ukaja ukungu huo mweupe unaokausha maua. Salfa ya unga iliiokoa mikorosho, na asitoke mtu hapa akisema nimeilaani.

Ninachouliza ni inakokwenda ikishapulizwa. Hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na umande ungali kwenye maua ili unga ushike. Usioshika huanguka chini, na kiangazi chote hulala pale kimya. Mvua za Desemba zikianza, bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na ndipo watu wanapopanda kunde, muhogo na karanga chini ya mikorosho hiyohiyo.

Tupige hesabu. Mikorosho ya mita 12 kwa 12 ni miti 69 kwa hekta. Kila mti ukipata robo kilo mara tano kwa msimu, ni kilo 86 za salfa. Kilo moja ikigeuka asidi yote, huhitaji kilo 3 na ushei za chokaa kuizima. Kwa hekta ni karibu kilo 270, kila mwaka.

Udongo wa mfinyanzi ungehimili kwa muda mrefu. Kichanga cha pwani hakina akiba hiyo. Virutubisho vyake hushikiliwa zaidi na mboji ya sentimita chache za juu, nayo ndiyo tunayoiteketeza tukifyeka na kuchoma. Asidi huzibandua kalsiamu na magnesiamu, maji ya mvua yakazishusha mizizi isikofika; udongo ukichachuka zaidi, alumini huyeyuka na kuviza mizizi yenyewe. Mkorosho huvumilia, muhogo pia. Karanga ndiyo hutoa siri: shina limesitawi, majani ya kijani, lakini ling'oe ubonyeze maganda, mengi ni matupu, kwa sababu ganda hujitafutia kalsiamu lenyewe katika udongo linamokaa. Mkulima hulaumu mbegu.

Onyo hili si geni. Watafiti walilichapisha tangu miaka ya 1990. Mawe ya chokaa nayo si ya kuagiza ng'ambo: Mtwara yanachimbwa kutengenezea saruji. Basi ombi langu kwa wenye dhamana ya pembejeo ni hili: pimeni kwanza udongo wa mashamba yaliyopulizwa miaka mingi, na pale ulipochachuka, lori linalopeleka salfa lipeleke na chokaa, kwa ruzuku ileile.