Kipimo cha Utafiti si Kipimo cha Mgonjwa
Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Matombo, Mkoa wa Morogoro



Tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba ili mtusikilize. Sisi ni watumishi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hadi mwaka 2019 mliijua kwa jina la TFDA. Leo hatukuja kuzungumzia dawa bandia. Tumekuja kuzungumzia kitu halali, kilichotengenezwa vizuri, ambacho hata hivyo kinaweza kumponza mtoto kikitumiwa mahali pasipo pake.

Tuanze na damu yenyewe. Mtu akijikata kwa panga, damu hutoka, kisha huganda. Kazi hiyo hufanywa na chembe sahani pamoja na protini kadhaa, moja ikiiamsha nyingine, na nyingi kati yake wataalamu wamezipa namba za Kirumi. Mtoto aliyepungukiwa na protini namba VIII au namba IX ana ugonjwa wa himofilia. Damu yake haikomi upesi baada ya tohara au kung'olewa jino. Magoti na viwiko vyake huvimba bila sababu ya wazi.

Ugonjwa huu hurithiwa kupitia kwa mama, na wanaougua zaidi ni watoto wa kiume. Hapa Uluguru, ambako ukoo huhesabiwa kwa mama, ni rahisi lawama kumwangukia yeye na ndugu zake. Tunaomba ieleweke: si uchawi, wala si kosa la mtu. Takriban theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika familia ambazo hazijawahi kuuona ugonjwa huu.

Sasa tuje kwenye kipimo. Miongoni mwa vitendanishi vya maabara kuna kingamwili. Mnyama kama sungura au panya hudungwa protini ya binadamu, na mwili wake hutengeneza kingamwili inayoitambua protini hiyo na kuishika. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge nchini Uingereza, walionyesha namna ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za aina moja tu. Kingamwili ikiunganishwa na rangi, mtafiti huona mahali protini ilipo. Ni chombo chenye manufaa makubwa katika maabara za utafiti.

Lakini vichupa vingi vya kingamwili hizo vina maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa utafiti tu", au herufi RUO. Maana yake ni kwamba mtengenezaji hakukusudia vitumike kutambua ugonjwa wa mtu. Kitendanishi kilichokusudiwa kwa wagonjwa huwa na herufi IVD, nacho kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Mamlaka. Mkulima wa karafuu wa hapa Matombo hakubali mzigo wake upimwe kwa mzani usiohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Damu ya mtoto haistahili mzani wa chini ya huo.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Kingamwili huonyesha kwamba protini ipo. Haionyeshi kwamba inafanya kazi. Wako wagonjwa wa himofilia ambao protini yao ipo lakini ni mbovu, kama ufunguo unaoingia katika kufuli usizunguke. Mzazi akiambiwa, "Protini ipo, mtoto ni mzima," akampeleka kijana wake kutahiriwa, anaweza kumpoteza kwa jibu ambalo halikuwa la uongo, ila lilijibu swali lingine. Ndiyo maana hospitali hupima pia muda ambao damu inachukua kuganda, na kiasi cha kazi ambacho protini hiyo inafanya.

Kwa hiyo tunawashauri yafuatayo:

1. Kabla ya tohara au upasuaji, mwelezeni mganga kama mtoto, kaka zake au wajomba zake wamewahi kutokwa na damu isiyokoma.

2. Ulizeni maabara kama imesajiliwa, na kama kipimo kimekusudiwa kwa wagonjwa. Ombeni kuona boksi lake: angalieni tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo ya kuhifadhi kwa ubaridi.

3. Daini stakabadhi, na majibu ya maandishi yenye jina na saini ya mtaalamu.

4. Mtoto anayeshukiwa kuwa na tatizo hili asipewe aspirini wala diklofenaki, wala asidungwe sindano ya msuli kabla mganga hajaelezwa.

5. Msiishie kwenye kipimo kimoja cha mtaani. Anzieni kituo cha afya, muombe rufaa ya hospitali ya mkoa. Ikibidi, Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako himofilia hutibiwa.

6. Mkikuta mtu anawapima wagonjwa kwa kitendanishi cha utafiti, toeni taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya au kwa ofisi yetu yoyote.

Kumuuliza mtaalamu si kumkosea adabu. Ni haki ya mtumiaji, na kwa mtoto ambaye damu yake haigandi, swali moja la mzazi laweza kuwa ndilo linalomrudisha nyumbani salama.