Jina katika Namba ya Gari

Nchini Uganda mwenye fedha aweza kuomba gari lake lisajiliwe kwa jina alipendalo badala ya namba ya kawaida. Nchi hiyo hiyo, Machi 2017, afisa mwandamizi wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa kwa risasi na watu waliopanda pikipiki. Mwaka 2018 Rais Museveni aliagiza vyombo vya usafiri viwekewe namba za kielektroniki. Kazi hiyo ilianza 2023. Funzo li wazi: namba ni kitambulisho mbele ya dola, si pambo la tajiri. Jina na liruhusiwe, mradi limo katika daftari lile lile, na askari asimpigie saluti mwenye jina kabla ya kumkagua.