Simu Zetu, Maoni Yetu na Pesa za Kikundi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo nimeombwa tuzungumze juu ya kampuni za simu. Siku hizi mkutano hauishi bila mabishano haya. Mmoja asema, "Safaricom wananikata sana." Mwingine asema, "Airtel ni rahisi, lakini kwetu haishiki." Hayo si maneno ya kupitisha wakati. Michango yetu, mikopo yetu, hata pesa za maziwa, zote hupitia simuni. Mtu akienda kununua jembe huligonga, hulipima mkononi, na kumwuliza jirani aliyelitumia. Basi, na kampuni ya simu tuipime hivyo hivyo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka wa 2000 Safaricom na Kencell zilianza kushindania wateja wa simu za mkono. Kencell ikawa Celtel, ikawa Zain, na tangu mwaka wa 2010 inaitwa Airtel. Machi 2007 Safaricom ilileta M-Pesa. Kabla ya hapo, ukitaka kumtumia mama pesa nyumbani, ulimpa dereva wa matatu bahasha na kuomba ifike. Ndiyo sababu wengi huisifu Safaricom, na sifa hiyo ni ya haki. Mpaka leo kampuni hiyo ina zaidi ya nusu ya laini zote nchini.

Lakini mteja anayesifu tu hapunguziwi bei. Angalieni: Agosti 2010 Tume ya Mawasiliano ilishusha ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine simu inapovuka mtandao, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Zain ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na Safaricom nayo ikapunguza bei zake. Aprili 2011 tukaruhusiwa kuhama kampuni bila kubadilisha nambari. Mwaka wa 2014, baada ya Mamlaka ya Ushindani kuingilia kati, Safaricom iliwaachia ajenti wa M-Pesa wahudumie kampuni nyingine pia. Mwaka wa 2018 pesa zikaanza kuvuka moja kwa moja kutoka M-Pesa hadi Airtel Money.

Mnaona? Hata yule asiyewahi kushika laini ya Airtel alifaidika kwa sababu Airtel ipo. Na mshindani anaweza kutoweka. yuMobile iliondoka mwaka wa 2014, wateja wake wakaenda Airtel na mitambo yake ikaenda Safaricom. Fahali wakipungua malishoni, anayebaki hula anavyotaka.

Sasa tuje kwa malalamiko. Tutofautishe mambo mawili: bei kubwa na wizi. Mfano ni Okoa Jahazi. Ukikopa ya shilingi 100, unapata 90, kwa sababu ada ni asilimia 10. Huwezi kusema umeibiwa shilingi 10, kwa maana ada hiyo ilitangazwa. Lakini una haki kamili ya kusema ni ghali. Ukisema "ni wezi," hakuna atakayekujibu. Ukisema "ada hii ni kubwa kwa mtu wa kipato kidogo," hayo ni maoni yenye miguu, yanaweza kutembea mpaka ofisini.

Jambo la pili ni zito zaidi kwetu, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Fuliza ilianza Januari 2019. Humsaidia mtu kulipa wakati pesa zake zimepungua, kisha hutozwa ada, na deni likikaa ada huongezeka. Pesa yoyote ikiingia katika M-Pesa yake, deni hujilipa lenyewe kwanza. Sasa fikirieni mweka hazina anayepokea michango kwa laini yake mwenyewe. Ana deni la Fuliza la shilingi 800. Wanachama wanne wanatuma shilingi 200 kila mmoja. Zote zimekwenda! Simu haijui kwamba zile ni pesa za kikundi. Mweka hazina hakuiba, lakini daftari linasema zimeingia na simu inasema hakuna. Urafiki wa miaka kumi huvunjika hapo. Kwa hiyo michango isipitie laini ya mtu binafsi. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na wanachama walipe moja kwa moja kwa nambari ya malipo ya akaunti hiyo.

Kuhusu kuchagua kampuni, nawaomba kila kikundi kifanye kazi hii katika mkutano ujao. Katibu aulize kila mwanachama maswali manne, ayaandike:

1. Mtandao unashika nyumbani kwako na shambani, au mpaka upande kilimani?

2. Ajenti wa karibu yuko umbali gani, na huwa na pesa za kutosha?

3. Kutuma na kutoa kiasi tunachochanga hugharimu shilingi ngapi? Someni karatasi ya ada kwa ajenti, msikisie.

4. Ulipopata shida, ulisaidiwa baada ya siku ngapi?

Maoni ya mtu mmoja ni hadithi, lakini ya watu ishirini yakiandikwa ni ushahidi. Kama majibu yanaonyesha kampuni nyingine inawafaa, hameni bila woga. Kama yanaonyesha mkae, kaeni mkijua sababu.

Na mkiwa na lalamiko, lipelekeni kwanza kwa kampuni yenyewe. Andikeni tarehe, saa na nambari ya ujumbe, msifute ujumbe huo. Msiporidhika, endeleeni mpaka Mamlaka ya Mawasiliano. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mteja haki ya huduma nzuri, ya kupewa habari kamili, na ya kulipwa fidia akipata hasara kwa huduma mbovu. Hiyo si hisani ya kampuni.

Basi katibu wa kila kikundi aje na majibu yake mkutano wa mwezi ujao, tuyalinganishe hapa mbele ya wote. Sasa nangoja maswali.