Vipuri Vizima katika Redio Iliyokufa

Leo tutazungumza juu ya redio iliyokufa. Wengi wetu huitupa jalalani, au huwapa watoto waichezee. Lakini fundi haoni takataka. Huona transfoma, swichi, rezista na transista ambazo huenda bado ni nzima. Ubovu wa kipuri kimoja haukuua vyote.

Vipuri hivyo vimeshikwa kwenye kibao cha saketi kwa lehemu. Lehemu ya zamani ni mchanganyiko wa bati na risasi. Mchanganyiko uliozoeleka, yaani sehemu 63 za bati na 37 za risasi, huyeyuka kwenye digrii 183 za sentigredi. Tangu mwaka 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya imezuia risasi katika vyombo vingi vya umeme, kwa hiyo vyombo vipya vingi vina lehemu ambayo haiyeyuki mpaka kufikia digrii 217 au zaidi. Basi chombo cha zamani ndicho rahisi kukifungua kwa moto wa nyumbani.

Kwanza, chomoa waya ukutani na utoe betri zote. Betri haiwekwi motoni kamwe, hupasuka. Tena, kapasita kubwa huweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Televisheni za zamani na majiko ya maikrowevu huweza kuua kwa njia hiyo, basi waachieni mafundi waliofundishwa.

Pili, zikate kapasita za mkebe mdogo wenye majimaji ndani, uziweke kando. Hukauka kwa uzee, na joto huweza kuzipasua.

Tatu, washa jiko la makaa nje ya nyumba, nawe ukae upande unakotoka upepo. Makaa yakiiva, weka juu yake kikaango kikuukuu chenye mchanga mkavu. Mchanga hugawa joto sawasawa. Laza kibao juu ya mchanga, upande wa lehemu ukiwa chini. Kila baada ya muda mfupi jaribu kuvuta kipuri kwa koleo jembamba. Kikikataa, usikilazimishe, lehemu haijayeyuka. Kikilegea, kitoe upesi, kwa maana joto la muda mrefu huharibu transista. Kibao kikianza kutoa moshi au kuwa cheusi, joto limepita kiasi, kiondoe. Vipuri vikipoa, pima kimoja kimoja kwa mita kabla ya kuviamini.

Sasa, ndugu zangu, nisikilizeni vizuri. Risasi ni sumu. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa ni salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, ambaye ubongo wake ungali unakua. Sumu hii huingia hasa kwa mikono michafu na vumbi vinavyofika mdomoni. Kwa hiyo kikaango kile kisirudi jikoni hata kikioshwa mara kumi, na jiko lile lisipikiwe chakula. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kibao kilichobaki kisichomwe moto, kwa sababu moshi wake una sumu nyingine. Kiweke katika sanduku lililofungwa mpaka apatikane mtu anayekusanya vyombo vya namna hiyo. Transfoma moja ni akiba njema, lakini si akiba tena ikiwa bei yake ni akili ya mtoto.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini chombo cha zamani hufunguka kwa joto dogo kuliko kipya?
2. Mchanga una kazi gani katika kikaango?
3. Katika mtaa wenu, mafundi hufanyia kazi hii wapi, na watoto hucheza wapi?

Kwaherini mpaka wiki ijayo.