Maduara ya Kadibodi Yenye Meno



Boksi tupu la dukani laweza kumfundisha mtoto ufundi. Na abandue karatasi ya upande mmoja wa kadibodi, matuta yaliyo ndani yaonekane. Akate ukanda wa matuta 8 na mwingine wa 24, kisha azizungushie kanda hizo maduara mawili yanayozitosha, azigandishe kwa gundi, matuta yakitazama nje: hayo ndiyo meno. Kila duara litiwe kijiti katikati, meno yaumane.

Duara dogo lizungukapo mara 3, kubwa huzunguka mara 1 tu, tena kinyume, lakini kwa nguvu zaidi. Ndivyo kreni ya bandarini iinuavyo shehena: mwendo hutolewa, nguvu hupatikana. Basi mzazi asilitupe boksi. Mtoto aliyelifahamu jambo hili hataiogopa mashine.