Moshi Nyuma ya Kanisa

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wetu hukipita kila siku bila kukitazama, nacho ni mbao zilizotupwa.

Msafiri atokaye Ruiru kwenda Thika zamani aliona mibuni huku na huku. Leo mashamba mengi ya kahawa yameng'olewa, na mahali pake pamesimama nyumba za ghorofa. Kila ghorofa imwagwapo saruji, huhitajiwa mbao za kuizuia na miti ya mkaratusi ya kuitegemeza mpaka ikauke. Mbao hizo hutumiwa mara mbili au tatu, kisha hurushwa nje zikiwa na misumari na saruji iliyogandamana. Mjini Thika nako, nyuma ya viwanda, utaona paleti zilizovunjika zimerundikwa. Nyingine huchukuliwa kuwa kuni, na nyingine huoza mvuani.

Wapenzi, hatusemi haya ili kuwahukumu wajenzi. Sisi wenyewe tulikosa, na kosa letu tutawaeleza.

Mwezi wa Januari mwaka 2018, katika parishi tuliyokuwa tukiihudumia, tulibomoa chumba cha zamani cha Shule ya Jumapili ili tujenge kingine. Mbao zake zilikuwa nyeusi kwa moshi na vumbi la miaka mingi. Halmashauri ya kanisa iliuliza zifanyiwe nini, nasi, bila kuzitazama, tukasema zichomwe. Basi zikawashwa nyuma ya kanisa, na akina mama wakachemshia chai ya mafundi.

Siku ya tatu alipita mzee mmoja, fundi seremala. Zamani mzee huyu aliketi benchi la mbele. Mkewe alipofariki alianza kunywa, akaacha kuja kanisani, nasi tukaacha kumwulizia. Aliuona moshi, akaingia uani, akaokota ubao mmoja, akaukwaruza kwa kisu.

"Mchungaji," akasema, "hii ni podo mnayochemshia chai."

Tukamjibu, "Mzee, hizo ni mbao kuukuu. Zimejaa misumari."

Naye akasema, "Misumari si ugonjwa wa mbao. Ni ya kung'olewa tu."

Tulimruhusu azichukue zilizobaki. Twaona haya kusema kwamba hatukufanya hivyo kwa imani. Tulitaka tu atuondokee tuendelee na kazi.

Mwezi uliofuata, Februari 2018, serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mito ilikuwa imepungua maji, na misitu ilikuwa imeharibiwa. Kwanza tuliambiwa ni siku 90, kisha zikaongezwa tena na tena, hata Rais alipotangaza mwezi wa Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa. Bei ya mbao ilipanda. Fedha tulizochanga kwa ajili ya mabenchi mapya ya watoto hazikutosha hata nusu ya kazi. Chumba kikawa tayari, nao watoto wakaketi sakafuni.

Ndipo tulipomkumbuka yule mzee. Tulikwenda kwake, tukakuta mbao zetu zimepangwa kivulini, moja juu ya nyingine, na vijiti katikati ili upepo upite. Misumari ilikuwa imeng'olewa na kunyoshwa, imo ndani ya kopo. Kwa mbao zile alitutengenezea mabenchi tisa. Alipopiga randa, ule weusi ulitoka, na rangi nzuri ya podo ikaonekana kama siku ilipopasuliwa.

Lakini mabenchi tisa hayakutosha. Darasa la watoto wadogo kabisa liliendelea kuketi sakafuni mpaka mwisho wa mwaka. Mbao zao zilikuwa zimekwisha kuwa majivu, na chai yake tulikuwa tumekwisha kuinywa.

Wapenzi wasikilizaji, katika Injili ya Yohana, sura ya 6, twasoma jinsi Bwana Yesu alivyowalisha watu elfu tano kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Watu waliposhiba, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee hata kimoja. Wakakusanya vikapu kumi na viwili. Hebu tufikiri. Yeye aliyeweza kufanya mikate kuwa mingi kwa neno lake, alikuwa na haja gani na makombo? Asingepungukiwa. Hata hivyo hakukubali kitu kipotee. Nasi tusioweza kuumba hata jani moja, tunatupa kana kwamba ghala ni letu!

Msaipresi hukaa miaka ipatayo thelathini kabla ya kufaa kupasuliwa mbao za ujenzi. Mtoto huzaliwa, akasoma, akaoa, nao mti ungali ukikua. Na mito yetu, Chania na Thika, hushuka kutoka milima ya Nyandarua yenye misitu. Mtu aokoaye ubao mmoja hapa chini anapunguza haja ya kukata mti kule juu, na kule juu ndiko yanakotoka maji tunayokunywa.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuombe ruhusa. Mbao iliyotupwa na mbao iliyoachwa si kitu kimoja. Anayebeba mbao usiku kutoka mahali pa ujenzi ni mwizi, hata kama mbao ni mbovu. Nenda mchana, zungumza na msimamizi. Mara nyingi atafurahi kuondolewa mzigo.

Pili, tuzichunguze. Choma ubao kwa kisu. Kikizama kwa urahisi, umeliwa na mchwa au umeoza, usijidanganye. Gonga saruji itoke. Ng'oa misumari yote, maana mmoja uliojificha huvunja meno ya msumeno na kumwumiza fundi. Paleti zitokazo nchi za nje huwa na muhuri. Ukiona herufi HT, mbao zilitiwa joto. Ukiona MB, zilitiwa dawa ya sumu, usizitengenezee kitanda cha mtoto. Na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani, zisipikiwe kamwe, kwa kuwa moshi wake na majivu yake yana sumu.

Tatu, tuzitumie. Kurundika mbao uani mpaka zioze si kuokoa. Ni kuzitupa polepole. Kibanda cha kuku, mzinga wa nyuki, rafu ya vitabu, benchi la kanisa, vyote vyaweza kutoka katika rundo lile.

Na sasa neno la mwisho, ambalo ni zito kwetu kuliko yote. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa mengi juu ya kondoo aliyepotea. Lakini mzee yule alipoacha kuja kanisani, hatukumfuata. Tulimtazama kama tulivyozitazama zile mbao: ni kuukuu, ana misumari mingi, kazi ya kuing'oa ni ndefu. Yeye ndiye aliyekuja kwetu, akiufuata moshi wa kosa letu.

Hatutawaambia kwamba aliacha pombe siku ile. Alianguka tena, zaidi ya mara moja. Ila safari hii tulikwenda kumtafuta, na vijana wawili wa parishi waliokaa bila kazi wakaenda kujifunza useremala kwake. Nasi tulijifunza kwake jambo hili: anayetaka kuokoa hana budi kuwa na subira, maana msumari ukivutwa kwa hasira hupasua ubao.

Mpendwa msikilizaji, je, yuko nani ambaye wewe umekwisha kumhesabu kuwa kuni? Ni mwanao? Ni jirani? Ni mume wako? Mwendee leo, kabla moto haujawashwa.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekua katika nyumba ya seremala na kuishika kazi ile kwa mikono yako, utusamehe kwa vitu tulivyoviteketeza na watu tuliowaacha. Utupe macho ya kuona kilicho chema chini ya masizi, na mikono yenye subira. Utuokoe na sisi, tulio na misumari mingi. Amina.

Mungu awabariki nyote, na siku njema.